Vipimo Safi, Tumbo Linauma

Tumbo langu liliharibika msimu mmoja wa masika, hapa Tanga, baada ya chakula cha msibani. Tulioharisha tulikuwa wengi. Wenzangu walipona ndani ya siku chache wakaendelea na shughuli zao. Mimi pia homa iliondoka na kutapika kukakoma, lakini tumbo halikurudi kuwa lile nililolijua.

Tangu hapo asubuhi zangu zikafanana. Naamka, tumbo linasokota chini ya kitovu upande wa kushoto, nakimbilia chooni, napata nafuu, nakunywa chai, nalazimika kurudi tena kabla sijavaa viatu. Zikipita wiki kadhaa mambo yanageuka: choo kinafunga, tumbo linajaa gesi hadi sketi haifungi kiunoni, na kikitoka kitu ni vigololi vigumu. Ninafundisha shule ya msingi. Mwalimu wa darasa la kwanza hawezi kuwaacha watoto peke yao kila tumbo linapomwita, na hawezi kumweleza kila mtu anachokimbilia.

Zahanati ya kwanza ilinipima damu ikanikuta na taifodi. Nilimaliza dozi, maumivu yakapungua kidogo, kisha yakarudi. Nikapimwa tena, taifodi tena, safari hii nikaambiwa imekuwa sugu na inahitaji sindano. Kwingine walisema ni amiba. Kwingine minyoo. Kwingine vidonda vya tumbo, nikanywa vidonge vya kupunguza asidi mfululizo. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuamini hata kimoja katika hivyo. Kwake huo ulikuwa mchango, basi. Alikuwa akinichemshia mizizi na kuniletea kikombe mwenyewe chumbani. "Kunywa, mwanangu. Mchango ukiuachia utapanda mpaka kwenye kizazi." Nilikunywa, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekaa kitandani pangu akanisikiliza mpaka mwisho.

Siwalaumu waliofikiria vijidudu kwanza. Katika nchi yetu amiba ipo, giardia ipo, minyoo ipo, homa ya matumbo ipo na inaua. Mhudumu anayeanza hapo anaanza mahali sahihi. Tatizo ni kubaki hapo hapo mwaka baada ya mwaka, na kipimo kikubwa kinachotubakiza hapo ni Widal, ambacho watu wengi wanakijua kwa jina la kipimo cha taifodi. Kilibuniwa Ufaransa na Fernand Widal mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wenyewe; kinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi yao, na kingamwili hizo huweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mtu kupona, au kutokana na chanjo, au kutokana na bakteria wengine wa jamii inayokaribiana. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo taifodi haikomi, Widal moja inayosoma chanya haithibitishi kwamba leo anaumwa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, nacho hakipatikani kila kona. Kwa hiyo tunameza antibiotiki kwa ajili ya jibu la karatasi. Antibiotiki hizo zinavuruga bakteria wema wa utumbo ambao tayari wameyumba, na zinawazoesha bakteria wabaya dawa ambazo tutazihitaji siku taifodi ya kweli itakapokuja nyumbani.

Aliyenitoa kwenye mzunguko huo ni daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Aliniamkia shikamoo kabla hajakaa. Akaweka pembeni bahasha yangu ya majibu ya zamani, akaanza kuuliza.

"Mwalimu, ukishapata choo maumivu yanapungua?"

Nikamwambia yanapungua, mara nyingine yanazidi.

"Yanakuamsha usiku wa manane?"

Hapana. Nikilala, nimelala.

"Umepungua uzito? Unaona damu kwenye choo? Kuna mtu kwenu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo?"

Yote hapana. Akaagiza picha kamili ya damu, kipimo cha choo, VVU na tezi ya shingo. Majibu yalipotoka yote yalikuwa safi, na moyo wangu ukanyong'onyea, maana nilijua kinachofuata. Nilikwishasikia mara nyingi: huna ugonjwa, mama, punguza mawazo. Yeye akasema: "Vipimo ni vizuri, na wewe unaumwa. Ugonjwa wako unaitwa IBS."

Akanieleza kwamba IBS ni ugonjwa wa namna utumbo unavyofanya kazi. Ukuta wa utumbo ukiangaliwa hauna kidonda wala uvimbe, ila mwendo wake umevurugika, na neva zake zimekuwa nyepesi mno kuhisi. Wataalamu wameuwekea vigezo vinavyoitwa vya Roma, na toleo la nne lilitoka mwaka 2016: maumivu ya tumbo yanayorudi kwa wastani walau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yaliyoanza si chini ya miezi sita nyuma, na yanayoambatana na mambo mawili au zaidi kati ya matatu, yaani yanahusiana na kwenda choo, idadi ya kwenda choo imebadilika, au choo chenyewe kimebadilika sura. Nilipomsikiliza niliona anasoma maisha yangu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha nchi 33, ulikuta takriban watu 4 katika kila 100 wana hali hiyo kwa vigezo hivyo, wanawake zaidi ya wanaume. Katika shule yenye wafanyakazi 50 nisingekuwa peke yangu.

Nilimuuliza kilichokuwa kinaniuma kuliko tumbo: "Kwa hiyo ni mawazo yangu tu?" Akakataa kwa mkono kabla hajakataa kwa mdomo. Mwaka 1973, akasema, mtafiti wa Uingereza James Ritchie aliwaingiza watu puto dogo kwenye utumbo mpana na kulijaza hewa polepole. Wenye IBS waliumia kwa kiasi cha hewa ambacho wengi wa wenzao wasio na ugonjwa walikivumilia bila shida. Maumivu yao yalikuwa maumivu kweli. Utumbo una seli zake za neva zaidi ya milioni 100, unazungumza na ubongo mchana na usiku, na sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, zaidi ya asilimia 90, hutengenezwa humo tumboni. Utumbo uliowahi kushambuliwa vibaya unafanana na mbwa wa nyumba iliyovamiwa na wezi: wezi wameshaondoka, lakini hata jani likianguka anabweka.

Hapo ndipo nilipoelewa chakula kile cha msibani. Mwezi Mei 2000, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe ikaingia kwenye kisima cha maji ya mji mdogo wa Walkerton, Kanada. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafa. Watafiti waliwafuatilia wakazi kwa miaka, wakakuta kwamba kati ya waliougua sana tumbo siku zile, zaidi ya theluthi moja walikuwa na dalili za IBS, ilhali kati ya wasiougua ni kama mmoja katika kumi. Mvua, maji machafu, kuhara, kisha tumbo lisilorudi sawa: yaliyowapata watu wa Walkerton yanatupata sisi kila masika, na hakuna anayehesabu. Ndiyo maana nasema maji safi na mikono safi misibani na harusini vinazuia zaidi ya kipindupindu. Vinazuia pia miaka ya mateso ambayo haiandikwi kwenye daftari lolote la zahanati.

Daktari hakuniahidi kupona. Aliniambia IBS huenda na kurudi, haigeuki kuwa saratani, na hali inaweza kutulia sana mtu akilijua tumbo lake. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa daftari: nimekula nini, nimelala vipi, kuna nini kazini, choo kimekuwaje. Kwa hilo la mwisho ipo chati ya Bristol, iliyochapishwa mwaka 1997, inayogawa choo katika aina saba, kuanzia vigololi vikavu vya namba 1 hadi maji matupu ya namba 7. Namba 3 na 4 ndizo za afya. Tunaona haya kutaja kinyesi hata mbele ya daktari. Chati hii inaondoa haya, maana unataja namba na mnaelewana.

Daftari lilinionyesha kwanza kifungua kinywa changu. Mtu wa Tanga na mahamri na mbaazi za nazi hawaachani. Mbaazi, kama maharage na kunde, zina aina za sukari ambazo utumbo wa binadamu yeyote hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanazichachusha, gesi inapatikana. Mwenye tumbo la kawaida anajamba, yanaisha. Mwenye IBS anajikunja kwa maumivu. Ngano ya mahamri ina sukari za jamii hiyo, na vitunguu maji na vitunguu saumu vinazo kwa wingi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, waliziweka pamoja mwaka 2005 chini ya jina FODMAP, wakatengeneza mpango wa kula wenye hatua tatu: kuziondoa kwa wiki mbili hadi sita, kurudisha vyakula kimoja kimoja, kisha kubaki na mlo wako wewe ukijua kipi kinakudhuru na kwa kiasi gani.

Mpango huo unasaidia, lakini orodha zake ziliandikwa kwa ajili ya jiko la mtu mwingine. Nyumba nyingi za kwetu maharage ndiyo mboga. Kumwambia mama mwenye watoto watano aondoe maharage ni kumwambia aondoe protini pekee anayoimudu. Nilichofanya mimi ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yake, kuchemsha kwa maji mengine, kisha kula kijiko kikubwa kimoja au viwili badala ya bakuli. Sukari zile huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu yake hutoka na maji unayomwaga. Kwa sababu hiyo hiyo, kitunguu saumu ukikikaanga kwenye mafuta ukakitoa kabla hujaweka nyanya, ladha inabaki na sukari inaondoka nacho, kwa kuwa haiyeyuki kwenye mafuta. Kitunguu maji, ambacho kwangu ndicho adui mkubwa, nilikibadilisha kwa majani mabichi ya kitunguu. Wali, ugali, viazi, samaki, mayai, mchicha, karoti na machungwa ya Muheza havijawahi kunidhuru. Embe linanidhuru, nalo ni huzuni yangu ya kila msimu, na tikiti maji pia.

Maziwa ni habari ya ukoo. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa. Jamii za wafugaji ni tofauti: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan ulioonyesha kwamba wafugaji wana mabadiliko yao wenyewe ya kijenetiki yanayowawezesha kunywa maziwa utu uzimani, tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Mmasai anaweza kunywa kibuyu akaenda machungani. Mimi, mjukuu wa wavuvi, chai ya maziwa inanitosha nusu kikombe.

Niseme jambo moja kwa mkazo: hatua ya kuondoa vyakula ina mwisho wake. Nimewaona watu waliofikia kula uji mtupu na ndizi za kuchemsha kwa kuogopa kila kitu, wamekonda, wamekosa madini, na tumbo bado linauma. Rudisha vyakula. Kinachokudhuru huenda ni viwili au vitatu tu.

Dawa zipo, na zina nafasi yake. Hyoscine hutuliza msokoto. Nyuzinyuzi laini za ispaghula, zinazouzwa kama unga wa kuchanganya na maji, husaidia choo kigumu na hata kilegevu, mradi uanze na kiasi kidogo. Pumba za ngano zinaweza kuzidisha gesi. Loperamide humsaidia mwenye kuharisha siku ya safari, ila haifai kukiwa na homa au damu. Kisha ipo amitriptyline, ambayo daktari aliniandikia kwa dozi ndogo kila usiku. Muuza dawa aliinama akaninong'oneza, "Mama, hii si ya wagonjwa wa akili?" Ni dawa ya zamani ya sonona, kweli, lakini kwa dozi ndogo hutuliza neva za utumbo. Utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 463 na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba dozi ndogo hiyo inapunguza dalili za IBS kuliko kidonge kisicho na dawa. Inatolewa na daktari, maana ina madhara yake na haimfai kila mtu. Nisingependa mtu aikose kwa sababu ya mnong'ono wa dirishani.

Na mawazo? Daktari alisema IBS si mawazo, kisha akaniuliza kuhusu mawazo, na mwanzoni niliona anajipinga. Sasa naelewa. Wiki ya mtihani wa darasa la saba, au wakaguzi wakitangaza ziara, tumbo langu huanza kabla yangu. Njia kati ya ubongo na utumbo inapitika pande zote mbili: maumivu huleta wasiwasi, na wasiwasi huchochea maumivu. Huko Manchester, Peter Whorwell alionyesha mwaka 1984 kwamba tiba ya kumtuliza mgonjwa kwa hipnosisi inayolenga tumbo ilifanya kazi hata kwa wale ambao dawa hazikuwasaidia. Kwetu wataalamu wa namna hiyo ni wachache. Mimi ninatembea. Jioni naelekea Raskazone kando ya bahari, kwa hatua za haraka, navuta pumzi kutoka tumboni na kuitoa polepole. Mazoezi ya mwili hupunguza dalili. Watafiti wa Sweden walithibitisha hilo mwaka 2011. Na usingizi, ambao walimu tunaunyima haki yake kwa kusahihisha madaftari usiku, ndio dawa ya bei rahisi kuliko zote.

Sehemu ngumu iliyobaki ni watu. Zamani nikisafiri kwenda Dar nilikuwa sili kuanzia jana yake, na nikifika nakula kwa pupa, jambo ambalo huamsha utumbo kwa nguvu zaidi, kwa sababu mlo mkubwa ndio unaousukuma. Siku hizi nakula kidogo kidogo, nakaa kiti cha mbele, na kabla gari halijatoka stendi ninamwendea kondakta. "Mwanangu, nina ugonjwa wa tumbo. Nikikuomba tusimame kuchimba dawa, usiniambie tusubiri Chalinze." Hajawahi kunikatalia hata mmoja. Shuleni nilimweleza mkuu wa shule, na mwalimu wa chumba cha jirani anaangalia darasa langu nikitoka. Kwa wanafunzi nimejiwekea sheria: mtoto akiomba kwenda chooni, anakwenda, haulizwi kitu mbele ya wenzake. Shule nyingi matundu ya vyoo hayatoshi na milango haifungi. Mtoto mwenye tumbo la namna hii anajifunza kujizuia, na kujizuia kunamfunga choo zaidi.

Mwalimu mwenzangu aliyenizidi umri alinisikia nikieleza haya, akanivuta pembeni. "Dada, na mimi nina hiyo yako." Nikamuuliza kama anaona damu. Akanyamaza, kisha akasema anaiona tangu mwaka jana na aliambiwa ni bawasiri. Na nguo zimeanza kumpwaya. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari yule. Alipitishiwa mpira wenye kamera, ukakutwa uvimbe kwenye utumbo mpana, akafanyiwa upasuaji. Anafundisha hadi leo. Jina la IBS lisitumike kufunika kitu kingine. Damu kwenye choo, uzito unaopungua bila wewe kutaka, upungufu wa damu, homa isiyoisha, maumivu au kuhara kunakokuamsha usiku, dalili zinazoanza ukiwa umevuka miaka 50, saratani ya utumbo katika ukoo: ukiwa na mojawapo, nenda hospitali wiki hii, na useme wazi unachokiona.

Wewe ambaye huna hata moja katika hizo, lakini tumbo limekusumbua kwa miezi na majibu yanatoka safi au yanatoka taifodi kila ukipima, usinunue dozi nyingine dukani. Nunua daftari, uandike kwa wiki tatu nne, uende nalo kwa daktari. Na wewe unayetibu, mgonjwa akikurudia mara ya tatu na malalamiko yale yale, kabla hujamtuma tena kutoa damu, muulize maumivu yalianza lini na baada ya nini, yanapungua baada ya choo au hayapungui, yanamwamsha usiku au hayamwamshi, anaona damu au haoni. Maswali hayo hayahitaji mashine, na zahanati yoyote nchini inaweza kuyauliza leo.